Mama Peni na Mwanawe Penseli

Jumatatu, 3 Machi

Nimefaulu! Naandika mkono ukitetemeka kwa furaha. (Nilianza kuandika sentensi hiyo saa kumi jioni. Sasa ni saa moja, mkono bado unatetemeka, lakini furaha imekwisha. Nieleze kwa mpangilio.)

Asubuhi Bosi alitusimamisha wote mbele ya kaunta kwa ajili ya Neno la Wiki, kama kila Jumatatu. Bosi anaamini kwamba mtu anayeuza vifaa vya kuandikia hawezi kuviuza vizuri bila kujua maneno yametoka wapi, hasa maneno ya Kiingereza. Mwelezaji ni mimi. Sikusomea. Ilitokea tu siku moja nikamwambia, katika kupitisha muda, kwamba "pencil" ni mtoto wa "pen". Ni jambo linaloonekana kwa macho. Mama ni "pen", mtoto kabeba jina la mama mbele, kaongeza la kwake nyuma. Hata sisi tulipoyakopa tuliyakopa pamoja, peni na penseli, kama mtu anayenunua mbuzi na kitoto chake. Bosi alinitazama. Machozi yakamlengalenga. Sikujua kwa nini, na sikuuliza. Mtu akikupenda humuulizi sababu.

Kutokana na neno lile tukatengeneza pakiti za Mama na Mwana. Peni moja, penseli moja, zimefungwa pamoja kwa utepe mwekundu. Zimejaa ghalani mpaka dirisha halifunguki.

Basi leo Bosi katangaza kwamba Jumamosi tunafungua tawi jipya, na meneja wa tawi ni mimi! Funguo nitakabidhiwa mbele ya watu, baada ya kutoa hotuba fupi kuhusu Mama na Mwana. Mhasibu wetu, tunayemwita Miwani, aliyekuwa akiutolea macho umeneja tangu mimi sijaajiriwa, alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwamo. Nilimwonea huruma. Kidogo sana.

Kisha Bosi akaongeza kwamba mgeni rasmi ni mama mkwe wake. Mwalimu mstaafu. Mwalimu wa Kiingereza.

Huyu mama sijawahi kumwona, lakini najua jambo moja. Akipiga simu, Bosi husimama. Mwezi uliopita simu ilimkuta chini ya meza akitafuta kifuniko cha kalamu, na bado alisimama. Mlio wa kichwa chake kwenye mbao tuliusikia hadi kaunta.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akanipongeza, akaniandalia chai, halafu akasema kwa upole kwamba kama anakuja mwalimu wa Kiingereza, ingefaa nichungulie kamusi. Nilicheka. Kamusi tunayo, nene, ile inayoeleza na asili ya maneno. Tangu tuinunue haijawahi kufunguliwa. Imeshika mguu mfupi wa kabati la vyombo, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini ili kumridhisha nikaichomoa. Kabati likainama, mlango ukafunguka wenyewe, sufuria mbili zikatoka.

Nikafungua herufi P.

"Pen": kutoka neno la Kilatini la unyoya, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya ndege. "Pencil": kutoka neno jingine kabisa la Kilatini, la brashi ya mchoraji, ambalo ndani yake maana ni mkia mdogo.

Hakuna undugu. Hata ujirani hakuna. Wamefanana majina tu kama abiria wawili waliokaa benchi moja.

Nikasoma tena. Nikakigeuza kitabu nione kama kimeharibikia kiwandani. Sisemi nina wasiwasi. Naogopa. Mtoto niliyemtangaza mji mzima si wa mama yule, na Jumamosi anakuja mtu anayejua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Bila picha hakuna ushahidi!

Ukuta wa mbele wa tawi jipya unachorwa picha kubwa, Mama Peni amemkumbatia mwanawe Penseli. Picha hiyo ikifutwa, hotuba naweza kuigeuza iwe juu ya rula. Rula haina ukoo. Nikatoka mapema nikiwa na mkebe wa rangi nyeupe kutoka ghalani.

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi akipuliza mluzi. Nikamwambia Bosi amebadili mawazo, wale wawili wawe majirani tu, wasimame mbalimbali. Akauliza kwa nini. Nikasema kukumbatiana kwa peni na penseli hadharani hakuna heshima. Mchoraji ni mtu mtaratibu, akashuka, akanawa mikono, akaniambia nirudi nyuma hatua chache nitazame vizuri.

Nilirudi. Nikatazama.

Mama Peni amevaa sura ya mtu. Mama mtu mzima, kipaji kipana, jicho la kukusahihisha. Na Penseli, kwapani mwake, ana sura ya mke wa Bosi! Mchoraji alieleza kwa fahari kwamba Bosi mwenyewe alimletea picha ya mama mkwe na picha ya mkewe, akamwambia hao ndio Mama na Mwana. Juzi alikuja kuona kazi, akasimama pale barabarani mpaka magari yakampigia honi.

Kwa hiyo sasa si penseli tena ninayoizungumzia. Ni mke wa Bosi. Na kwa mujibu wa kamusi, mke wa Bosi ni mkia mdogo.

Nikaomba ngazi. Mchoraji akakataa. Nikamwambia basi aziondoe sura tu, abakize peni na penseli. Akasema rangi imekwisha kauka na labda nimuite Bosi waongee wenyewe. Nikasema hakuna haja. Nikakumbatia mkebe wangu, nikageuka kwa haraka, nikajikwaa kwenye ndoo yake ya maji.

Nimerudi nyumbani na suruali yenye doa jeupe gotini. Kabati limeegemea ukuta. Nimechukua pakiti za Mama na Mwana nikaziweka chini ya mguu wake badala ya kamusi. Mke wangu anasema kamusi nisiirudishe kwanza, imemnogea.

Jumatano, 5 Machi

Mfa maji haishi kutapatapa. Lakini leo nilidhani nimeshika gogo.

Mpango: hotuba aitoe Miwani! Aibu impate yeye. Nikamfuata kwenye kijichumba chake chenye kikokotoo na feni isiyozunguka. Nikamwambia kwa sauti ya kindugu kwamba nimetafakari, yeye ni mkubwa kwangu kazini, si vizuri mimi nisimame mbele ya wageni wakati yeye yupo. Achukue hotuba yote, mimi nitapiga makofi.

Huyu mtu hapokei hata peremende bila kuuliza ilikotoka. Akasema, "Mdogo wangu, lini umeanza kunipenda?" Nikasema tangu zamani. Akasema atafikiria.

Alifikiria mpaka mlango wa Bosi. Baada ya muda mfupi Bosi alitoka, akanishika bega mbele ya wauzaji wote, akatangaza kwamba nimetaka kumwachia mwenzangu heshima yangu. Huo, akasema, ndio unyenyekevu wa kiongozi. Badala ya dakika tano ameniongezea hotuba iwe ndefu, na watu waruhusiwe kuuliza maswali.

Maswali!

Miwani akaanza papo hapo, kwa adabu ya kuogofya. Akasema yeye ni mtu wa hesabu tu, hajui lugha, ila amekuwa akijiuliza kuhusu "male" na "female". Je, nao ni mtu na binti yake? Wauzaji wakaacha kufunga bidhaa. Bosi akatabasamu akisubiri. Nilitaka kusema sijui. Nakiri mbele ya daftari hili, nilifungua mdomo kusema sijui. Mdomo huohuo ukasema kwamba naam, "female" ametoka ndani ya "male", kila mwenye macho anaona.

Nyumbani nilikimbilia kamusi. Mke wangu alikuwa anaisoma, kaweka na miguu juu ya kiti. Nikamwomba F. Akanisomea kwa sauti, akifurahia kila neno kama anasoma barua ya shogake. "Male" ana asili yake ya Kilatini, "female" ana asili nyingine ya Kilatini inayomaanisha mwanamke mdogo. Zamani hata tahajia hazikufanana. Watu ndio waliobadilisha mwisho wa "female" ili afanane na "male", kama watoto wa nyumba mbili waliovikwa sare moja.

Nilikaa chini. Mke wangu akanifariji, akasema si mimi peke yangu. Akafungua I. Kuna "isle" na "island", vyote kisiwa. Cha kwanza kimetoka Kilatini. Cha pili ni cha Waingereza wenyewe tangu kale, wala hakikuwa na herufi S. Wasomi waliokuja baadaye walidhani hivi viwili ni ndugu, wakaichomeka S pale katikati kwa nguvu, na mpaka leo ipo, haitamkwi, haina kazi. Kwa hiyo, akasema, hata wasomi waliuvaa mkenge kama mimi.

Nikamjibu kwamba wale wamekwisha kufa. Hakuna anayeweza kuwafukuza kazi.

Pakiti chini ya kabati zimepasuka. Sakafu imekuwa ya bluu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepoteza sauti. Yaani, nimeamua kuipoteza.

Mtu asiye na sauti hatoi hotuba! Nimejilaumu kwa kutolifikiria tangu Jumatatu. Nilijifunga shali shingoni, nikamwandikia Bosi ujumbe kwamba koo limekufa kabisa, nikajilaza kwenye kochi kama mgonjwa wa kweli. Mke wangu alinitazama akaenda kazini bila kusema pole. Hilo liliniuma.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Namba ngeni. Nikapokea kwa mazoea, nikakumbuka sina sauti, nikanyamaza.

Sauti ya mama. Nzito, safi, kila silabi imepigwa pasi. Akajitambulisha. Ni yeye! Mama mkwe wa Bosi! Nikajikuta nimesimama. Sasa namwelewa Bosi.

Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Mtu mzima amekupigia simu, lazima umwamkie. Nami sina sauti. Shikamoo ikanikwama kooni, ikapanda, nikaimeza, ikapanda tena. Nikabaki kuhema. Mwalimu akasubiri. Nikahema. Akasema taratibu kwamba vijana wa siku hizi hawana salamu, lakini ameambiwa ninaumwa, hivyo kwa leo amenisamehe. Nikahema kwa shukrani.

Akasema mkwewe amemweleza kuhusu mimi na ile habari ya "pen" na "pencil". Amekuwa akiifikiria sana. Ana swali moja anataka kuniuliza. Nikahema kwa nguvu. Akasema hapana, hataniuliza kwenye simu, ni swali la kuulizwa ana kwa ana, watu wote wakisikia. Akaagiza maji ya uvuguvugu na chumvi nisukutue, na kufikia Jumamosi niwe nimepona. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zoezi la nyumbani. Akakata.

Swali! Mbele ya watu wote! Anajua. Anajua kila kitu, na anataka kunichinja polepole, mbele ya ukuta wenye sura yake.

Wakati huo pakiti za mwisho zikasalimu amri chini ya kabati. Mlango ukafunguka, sahani zikamwagika. Nilipiga ukelele ambao jirani ameusikia. Ni mke wa mchoraji. Jioni mchoraji keshamwambia Bosi kwamba, Mungu mkubwa, sauti yangu imerudi, tena imerudi kwa nguvu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amesema neno moja tu asubuhi: niende nikamwambie Bosi ukweli, mlango umefungwa, wawili tu. Nikosee kwa siri, nisahihishwe kwa siri. Akasema, "Baba watoto, mficha uchi hazai." Nikapiga moyo konde. Nikaenda.

Bosi alikuwa mezani akizisugua funguo za tawi kwa kitambaa. Akanikaribisha kiti. Nikaanza vizuri. Nikasema Bosi, kuna jambo kuhusu Penseli. Akasema hata yeye ana jambo, nisubiri. Akaanza kunieleza kwa nini amenichagua mimi. Akamtaja dereva wetu wa zamani, aliyesema gari limepata pancha kumbe alikuwa kwake amelala. Kila mtu anakumbuka siku ile. Dereva alikuwa shemeji yake Bosi, na bado aliondoka kabla ya chakula cha mchana. Bosi akasema yeye hamfukuzi mtu kwa kosa, makosa ni ya binadamu. Anamfukuza kwa uongo. Na katika duka zima mtu asiyemtilia shaka ni mimi.

Kisha akauliza jambo langu la Penseli lilikuwa nini.

Nilimtazama. Nikaziona funguo. Nikamwona shemeji akitoka na begi lake.

Nikasema mapazia ya ofisi yake yanapendeza.

Akashangaa, akayatazama. Akasema ni yaleyale ya miaka yote. Nikasema ndiyo, ila leo nimeyaona. Nikatoka kinyumenyume.

Chumba cha kufungia bidhaa kilikuwa kitupu, nikajifungia humo na pakiti zangu nikafikiri. Nina watoto wawili wanasoma. Nina kodi ya nyumba. Mke wangu amekwisha mwambia mama yake kwamba mimi ni meneja, na mama yake amekwisha waambia wengine. Nikifukuzwa, habari itafika kwa wakwe kabla yangu. Naogopa kikweli, si kama koo la jana.

Halafu likaja wazo, lenyewe, kama nuru!

Mwalimu atauliza swali ili anifichue. Je, nikijifichua mwenyewe kabla hajauliza? Mwongo ni yule aliyekamatwa. Aliyejitaja ni mkweli! Na Bosi kasema hafukuzi mtu kwa kosa. Nitasimama, nitatoa ukweli wote wa kamusi, nitajilaumu vikali mbele ya umati, watu watashangilia ujasiri wangu, Mwalimu atakosa la kusema, na funguo zitabaki zangu.

Nimekunywa chai vikombe viwili. Mke wangu ameniuliza kama nilimwambia Bosi. Nimesema tumezungumza kwa kirefu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkono hauandiki vizuri. Vidole vimevimba kwa sababu itakayoeleweka mbele.

Watu walijaa. Wateja, majirani, wanafunzi wa shule mbili, mchoraji kavaa shati jipya. Mke wa Bosi kashika sinia lenye funguo. Miwani kaketi safu ya pili, kakunja nne. Mbele kabisa, mkoba magotini, mgongo haujagusa kiti, Mwalimu. Juu ukutani, mkubwa mara kumi, Mwalimu tena. Nilikuwa natazamwa na wawili.

Nikaenda nikamwamkia shikamoo mara tatu kufidia ile ya simu. Akasema marahaba, akasema nimepona, akasema sasa anaweza kuniuliza lile swali lake. Akafungua mdomo.

Nikakimbilia kipaza sauti.

Nilisema yote! Nilisema "pen" ni unyoya na "pencil" ni mkia mdogo. Nilinyoosha kidole ukutani ili watu wafuate vizuri, nikasema huyu mtoto mnayemwona si wa mama huyu, asili yake ni kwingine kabisa, wamefananishwa tu. Nikasema aliyewaambia kwamba huyu ni mwana wa huyu ni mjinga wa mwisho, mtu ambaye hajafungua kamusi maishani mwake, na anastahili kurudishwa darasa la kwanza akae na watoto. Nilijitukana mimi! Kila neno lilikuwa langu mwenyewe! Nikainamisha kichwa, nikangoja makofi.

Nyuma huko mtu akauliza kwa sauti, "Sasa mke wa Bosi ni mtoto wa nani?"

Sinia la funguo likalia mikononi mwa mke wa Bosi. Nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama. Hakuhitaji kipaza sauti. Akasema swali lake lilikuwa dogo tu. Alitaka kuniuliza niliketi darasani kwake mwaka gani. Kwa sababu habari ya "pencil" kuwa mtoto wa "pen" ni somo lake yeye. Aliligundua akiwa mwalimu kijana, akalifundisha mpaka siku anastaafu, vizazi kwa vizazi. Alimfundisha hata binti yake. Na siku huyu bwana alipokuja kuposa, akasema akimtazama Bosi, alimwambia maneno hayohayo, kwamba mama na mwana hata ukiwatenga, jina moja limo ndani ya jingine. Aliposikia kuna kijana dukani anayeyasema, alidhani amempata mwanafunzi wake mmoja aliyesikiliza.

Akakaa. Akafungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia. Akaishika tu.

Ndiyo maana Bosi machozi yalimlengalenga siku ile. Si mimi niliyemgusa. Alikuwa anamsikia mama mkwe wake. Na mimi ningekaa kimya leo, ningekumbatiwa, ningepewa funguo, ningepigwa picha na ukuta. Nilichotakiwa kufanya ni kuogopa kwa kunyamaza!

Makofi yakasikika. Ya mtu mmoja. Miwani.

Bosi alinivuta nyuma ya ukuta. Nilidhani atanipiga, nikafumba macho. Akauliza kwa sauti ya chini kama niliyosema ni kweli. Nikasema ndiyo, yako kwenye kamusi. Alipumua kwa kelele. Akasema basi hawezi kunifukuza, maana alikwisha sema anafukuza kwa uongo tu, na hili bahati mbaya ni kweli. Lakini Mama na Mwana haiuziki tena, mama mwenyewe kaaibishwa mbele ya watu. Nitakwenda ghalani. Nitafungua pakiti zote, moja moja, utepe huku, peni huku, penseli kule, mpaka dirisha lifunguke. Na Jumatatu, katika Neno la Wiki, Mwalimu atakuja, nami nitamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote.

Funguo kapewa Miwani. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia pole mdogo wangu. Nimeanza kazi ya ghalani leo leo. Utepe ule una fundo gumu. Nilipendekeza mimi lifungwe hivyo ili mama na mwana wasitengane.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nikiogopa Jumatatu. Yule mama sikumwogopa kiasi hiki hata aliponipigia simu. Mtu mwenye hasira unaweza kujitetea kwake. Mwenye leso mkononi utamfanyaje?

Mke wangu anasema nimwambie samahani Mwalimu, nimekukosea, nikae chini, ninyamaze. Anasema maneno hayo yanatosha, na kwamba hasa hilo la kunyamaza nilizingatie. Hajui walimu. Samahani kavu kwa mtu aliyefundisha lugha maisha yake yote ni sawa na kumpelekea maji ya bomba mwenye kisima. Panahitajika kitu chenye mizizi.

Nilizunguka sebuleni mpaka mchana. Halafu, kikombe kikiwa mdomoni, likaja!

"Sorry" na "sorrow"!

Tazama yanavyofanana! Moja ni kuomba radhi, jingine ni huzuni. Anayeomba radhi huomba kwa kuwa ana huzuni. Ndugu wa damu, tumbo moja, ziwa moja! Nitasimama kesho niseme, Mwalimu, "sorry" yangu imezaliwa na "sorrow" yangu. Mwalimu atalia, safari hii leso ataitumia. Bosi atalia. Mke wa Bosi atanisamehe ule mkia. Na Miwani azitazame vizuri funguo zile, maana hatakaa nazo sana.

Nilimsomea mke wangu hotuba yote nikiwa nimesimama. Akauliza kama nimeangalia kamusi. Ya nini? Hili ni jambo linaloonekana kwa macho. Akaivuta, akafungua S, akapitisha kidole, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akateremka kwenye kiti. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema hamna kitu, baba watoto, ila kesho ataomba ruhusa kazini aje kunisikiliza, nimwekee kiti mbele. Nimefurahi. Mke anayekuunga mkono ni hazina.

Jioni Bosi alipiga simu, nikasimama. Alitaka kuhakikisha nitakuwepo. Akasema Mwalimu hana raha, tangu jana hali vizuri. Amenunua kamusi mpya, nene kuliko zote dukani, ile yenye asili ya maneno. Ameanza kuisoma kwenye P, na hajaiweka chini. Alipomwacha alikuwa amemaliza R, anaanza S. Kesho atakuja nayo.

Maskini, na macho yale ya kizee. Namwombea apumzike.

Ya kwetu nimeinyang'anya kwa mke wangu nikairudisha chini ya kabati. Mlango umejifunga, sahani zimetulia, kabati limesimama wima. Kwa mara ya kwanza wiki hii siogopi kitu.